Siku Mama Alipokula na Buko Yake

Mume wangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya kambi ya wachimba shaba pale Kolwezi, na mimi nilikuwa mke wa mwalimu, jambo ambalo mama yangu alimtangazia kila mtu aliyekuja kuchota maji. Tulikuwa na nyumba ya matofali ya vyumba viwili, jiko la nje, na mtoto wa kwanza ambaye alikuwa bado hajajua kukaa. Haya yote tulikuwa nayo kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa wenyewe na wewe unatafuta pa kulaza ubavu. Ndiyo maana mume wangu aliponiambia kwamba anataka kuacha kazi akasome, nililia kwanza, halafu nikamwuliza kama ana homa.

Hakuwa na homa. Alichukua kipande cha chaki, akaniketisha jikoni, akaanza kuchora ukutani. Mwalimu ni mwalimu hata kwa mkewe. Alisema mtoto wetu sisi weusi akimaliza shule ya msingi, wakubwa wa Kizungu ndio wanaomchagulia mlango: huyu aende kwa mapadri ajifunze Kilatini, labda Mungu atamwita, huyu awe mwalimu, huyu awe karani, huyu akajifunze ufundi wa mashine, huyu awe msaidizi wa daktari, na hata akimsaidia daktari mpaka nywele zote ziwe nyeupe, daktari hatakuwa. Kila mlango ulikuwa na ukumbi wake, na mwisho wa kila ukumbi palikuwa na ukuta. Alizichora kuta zote. Halafu akafuta mmoja kwa kiganja, akajipaka chaki mpaka kwenye suruali niliyokuwa nimeipiga pasi asubuhi ile. Alisema sasa vimefunguliwa vyuo vikuu viwili katika Kongo nzima, kimoja cha mapadri huko Léopoldville, mbali kwetu kama Ulaya, na kimoja cha serikali hapa hapa Katanga, Elisabethville, ambako treni inafika.

Nikamwuliza mtu anaingiaje. Alisema kijana wa Kizungu akitoka sekondari yao anaingia mwaka wa kwanza moja kwa moja. Wetu, kwa kuwa shule tulizopewa zilihesabiwa kuwa nusu shule, anaanza na mwaka wa matayarisho. Ukishinda, unaingia kandidatura, hatua ya kwanza, miaka miwili. Ukishinda tena, lisansi, ndiyo digrii yenyewe, miwili mingine au zaidi. Ukianguka unarudia, na ukianguka tena wanakuonyesha njia. Nikasema sawa, na huyo aliyeonyeshwa njia anarudi wapi, maana darasa lake la tatu litakuwa na mwalimu mwingine, na humu ndani atakuwa anapika mwanamke mwingine. Aliendelea kuchora.

Kilichonifanya niache kulia ni jambo jingine. Chuo kilikuwa na nyumba chache za wanafunzi wenye wake. Nyumba ya kweli, alisema, yenye maji ndani. Mimi na mtoto tungekwenda naye. Wake wa wanafunzi walikuwa na masomo yao wenyewe mchana. Mimi nilitolewa shule ya masista nikiwa nimebakiza kidogo tu nimalize, kwa sababu posa ilikuwa imefika, na niliposikia neno masomo nilifuta machozi. Kuanzia siku ile niliitaka nyumba ile kuliko yeye alivyokitaka chuo. Nasema wazi. Bila nyumba, yeye angekwenda peke yake kama kapera, na mimi ningerudi kwa wazazi wangu Mutoshi na mtoto mgongoni, mke mwenye mume asiye na mume, miaka mitano au sita, nikingoja likizo.

Nafasi ya darasani aliipata kwa kichwa chake. Alikwenda Elisabethville, akafanya mtihani, akarudi amekonda lakini ameshinda. Nyumba haikupatikana kwa kichwa. Ilibidi kamati ya kambi yetu ije kutazama kama tunaishi vizuri, ndipo ipeleke neno lake huko chuoni. Kuishi vizuri lilikuwa neno zito siku zile. Maana yake ilikuwa kitambaa mezani, kisu na uma, choo kisichonuka, mke mmoja tu, na mume na mke kula meza moja. Mwanamke wa Kizungu aliyetufundisha kushona katika shule ya akina mama kambini, ambaye tulimwita asistanti, alitukumbusha hilo la meza kila wiki. Mwanaume aliyestaarabika, alisema, hamwachi mwanamke ale jikoni. Na asistanti huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati.

Sasa, nyumbani kwetu alikuwepo mama yangu.

Alikuja kutoka Mutoshi nilipojifungua, kama kila mama wa Kikasai anavyokuja. Chefu wa kambi, yaani Mzungu aliyeisimamia, alimpa ruhusa ya mgeni, kisha akaiongeza, kwa sababu maziwa yangu yalinisumbua na mtoto alikuwa akilia mpaka majirani wanagonga ukuta. Sisi watu wa Kasai, mama wa mke na mume wa binti yake wanaitana buko. Buko haangaliwi usoni. Haguswi mkono. Hamkai chumba kimoja, na habari ya kula mbele yake, hata kuitaja ni aibu. Si chuki. Ni heshima kupita heshima zote: huyu ndiye aliyekuzalia mke, utafunguaje kinywa mbele yake na kutafuna? Iko njia ya kuimaliza. Mume anatoa mbuzi, wakubwa wanakaa, wanasema yale yanayosemwa, na siku hiyo wanakula pamoja. Lakini hilo lina wakati wake, watoto wakishakuwa wengi, na mbuzi anatangulia chakula.

Nyumba ya vyumba viwili yenye buko ndani si mchezo. Mume wangu akirudi shule alianza kukohoa tangu kwa jirani wa pili, na mama akamkwapua mtoto na kuingia jikoni. Mama akitaka kupita kwenda chooni, naye anakohoa, na mwalimu mzima anageukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Siku moja walikohoa wote kwa pamoja, kila mmoja akimwachia mwenzake njia, na hakuna aliyetoka mpaka nilipokwenda kuwaamua. Walizungumza sana, ila kupitia kwangu. "Uambie tata wa mutoto, sombe iko ku moto, asitoke na njaa," mama alikuwa akisema juu ya mboga ya majani ya muhogo, na tata, baba wa mtoto mwenyewe, yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno. Naye alikuwa akiniomba nimwambie mama asante. Nilikuwa posta yao. Nilichoka, lakini walipendana wale wawili, kuliko wakwe wengi ninaowaona leo wakikumbatiana.

Basi kamati ikija, mama akae wapi? Mume wangu alisema arudi Mutoshi kwa wiki ile. Mimi nikasema mtoto bado mdogo, na kuku wa siku hiyo atapikwa na nani, au mimi nikae mezani na niwe jikoni kwa wakati mmoja? Tukabishana mpaka mtoto akaamka. Mama mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya ukuta, ndiye aliyeimaliza kesi. Alisema atakaa jikoni na mtoto, kimya, na Wazungu hawaingii jikoni. Tukaona amesema kweli. Maishani mwetu hatukuwa tumemwona Mzungu akiingia jiko la nje, ndani ya moshi.

Hawakutuambia siku. Walisema wiki ijayo, saa ya chakula cha mchana, ili wakute watu kama walivyo. Hapo ndipo nilipojua maana ya kukaa roho juu. Niliazima uma na visu kwa mke wa katekista, sahani kwa jirani wa kulia, viti kwa wa kushoto, na kila jioni nikavirudisha, kwa sababu nao walikuwa na midomo. Jumatatu tulipika kuku na wali. Hawakuja. Tulikula wali, kuku tukamhifadhi. Jumanne tulimpasha moto yule yule, tukamweka mezani, tukakaa wima na kitambaa kwenye mapaja, tukasikiliza kila nyayo barabarani. Gari likipita, mume wangu anashika uma. Gari likienda zake, anaiweka. Jumatano ilibidi tumle kabla hajatuaibisha kwa harufu. Usiku mume wangu halali, anaamka kuniuliza kama viwiko vinaruhusiwa juu ya meza. Nikamwambia akiendelea hivi chuo watampokea maiti.

Walikuja Ijumaa. Kuku amekwisha, na Ijumaa Mkristo hali nyama, kwa hiyo mezani palikuwa na wali na samaki wa bwawa la Nzilo, mwenye miiba. Gari liliposimama mbele ya mlango, jambo la kwanza nililolifikiria ni ile miiba na uma.

Walikuwa watatu: asistanti, chefu wa kambi, na karani mmoja mweusi, Mkasai mwenzetu, aliyeletwa atafsiri ingawa hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Walitazama kitanda. Walitazama chandarua. Chefu alifungua mlango wa choo, akaufunga, akatikisa kichwa kwa namna nzuri. Asistanti aliuliza mtoto ananyonya saa ngapi, nikajibu kama alivyotufundisha, si kama ninavyofanya. Mume wangu alisema Kifaransa chake, cha polepole, kisicho na kosa, na niliona chefu anamsikiliza kama mtu anayesikiliza mtu. Nikaanza kuiona nyumba ile ya chuoni. Niliona hata mahali nitakapoweka ndoo, halafu nikakumbuka kwamba ndoo haitahitajika.

Walisema tukae, tule kama kawaida, wao watapumzika kidogo. Tukakaa. Mume wangu alikuwa amekata samaki vizuri, amepata mahali pasipo na miiba, wakati mtoto alipolia jikoni. Asistanti alipenda watoto, sikatai. Alinyanyuka, akapita mlango wa nyuma, akaingia moja kwa moja ndani ya moshi.

Alirudi na mtoto mkononi na uso umebadilika. Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuamuru, yule mwanamke aliyekaa chini jikoni na sahani ya peke yake ni nani. Nikasema ni mama yangu. Akamgeukia mume wangu. Alimwuliza kama huko chuoni anakotaka kwenda atawaweka wanawake jikoni pia, yeye mwenye vitabu.

Mume wangu alieleza. Kifaransa chake kilianza kukimbia, sikushika yote, lakini nilisikia neno heshima mara nyingi. Karani naye alijikaza, akakohoa, akasema bibi, kwa kweli ni desturi yetu ya Kasai. Asistanti akamjibu kwa upole kwamba ndiyo, hilo hasa ndilo walilokuja kulitazama, kama limekwisha au bado. Chefu hakuwa mtu mbaya, ila alisema neno lililoingia kama mwiba: kijana anayeogopa macho ya mama mzee, atakaaje darasa moja na mabinti wa Kizungu, profesa akimwuliza swali mbele ya watu wote? Karani akarudi kutazama penseli yake.

Asistanti alivuta kiti kingine hadi mezani. Akaweka sahani. Mume wangu akasimama, akasema yeye atatoka nje na mama akae mahali pake, kwa kuwa mama ni mgeni mkubwa kuliko yeye. Ilikuwa njia nzuri. Nilimpenda kwa njia ile. Asistanti akasema hapana, wote pamoja, kama jamaa moja. Mume wangu hakukaa na hakutoka. Alinitazama, na nilimjua, nilijua kinachokuja: anataka kuwaambia wakae na nyumba yao. Nami nikatazama kitambaa cha meza. Niliitaka nyumba. Nilitaka pia mama yangu asivuliwe nguo mbele ya watu, maana kwetu ilikuwa sawasawa na hivyo. Nikaanza kuunyoosha upindo wa kitambaa kwa kidole.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na asistanti hakujua kusema chini. Mama alikuwa amesikia yote.

Aliingia bila kukohoa. Alikuwa amenawa mikono, bado inadondosha maji, na amejifunga kikwembe, kitenge chake cha kanisani. Mume wangu aligeukia ukuta papo hapo, kwa mazoea ya mwili, akabaki hivyo, mgongo kwa wageni wake. Mama akakaa kwenye kiti. Hakumtazama Mzungu hata mmoja.

"Kaa, mwana wangu," alisema.

Hakuwahi kumwita mwana. Mume wangu hakugeuka.

"Kaa, ukule. Ni mi njo nakuambia."

Akageuka. Tangu ndoa yetu, ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wawili wale kuonana uso kwa uso. Mama ana kovu dogo juu ya nyusi, la utotoni, na mume wangu aliniambia baadaye kwamba hakulijua. Alikaa. Mama alijipakulia wali, akashika uma kwa ngumi, akala wa kwanza, ili mkwe wake asiwe wa kwanza. Alitafuna akitazama katikati ya meza. Akala na samaki, na mwiba alioupata hakuutoa, aliumeza. Ndipo mume wangu akafungua kinywa chake. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye sahani, na akala wali pamoja nayo, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Asistanti alimbembeleza mtoto wangu mapajani, akatabasamu, akasema, mnaona, si vigumu. Alikuwa amefurahi kweli. Nilitamani kumtupia sahani ya jirani.

Walipoondoka, mama alirudi jikoni. Nilimsikia anasukutua, anatema, anasukutua tena. Mume wangu alikwenda kufundisha kipindi cha mchana, na jioni aliporudi hakukohoa, na mama hakukimbia, kwa kuwa hakuna aliyejua sasa anapaswa kufanya nini. Walikaa kila mmoja kona yake kama watu wanaongoja daktari. Asubuhi mama alifunga mzigo. Alisema lazima amwambie baba mwenyewe kabla watu hawajamfikishia. Pale kwenye lori la wafanyakazi wa Mutoshi aliniuliza jambo moja tu, kama sasa watampa mkwe wake nyumba. Nikasema watampa. Niliamini.

Huko Mutoshi baba yangu, aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana kuja kuchimba shaba na hakuwahi kumpigia mama kelele, siku ile alipiga. Wakubwa waliitwa. Mume wangu alipeleka mbuzi haraka, tulikopa ili tumpate, na wakubwa wakamfunga mtini wakakataa kumgusa. Walisema mbuzi anatangulia chakula, hafuati. Walikuwa na haki, ndiyo sheria. Maneno yalizunguka mchana kutwa, na mama kichwa chini, mpaka alipochoka akasimama. Aliwaambia amekula ili mkwe wake aingie chuo kikuu, pale wanapotoka madaktari na mahakimu, na kama kuna mmoja wao mwenye mkwe anayekwenda huko, huyo ndiye amlaumu. Hakuna aliyekuwa naye. Kuishi kwingi ni kuona mengi, mzee mmoja akasema, na wakamchinja mbuzi.

Sisi Kolwezi tukangoja. Siwezi kueleza kungoja kule. Asubuhi nina hakika, mchana sina. Nikishona pazia la nyumba mpya, nalifumua jioni kwa kuogopa kwamba nitaikaribisha mikosi. Mtoto akipiga chafya naona ni ishara. Mume wangu alikuwa ametoa taarifa shuleni kwamba anaacha kazi, na tayari alikuja mwalimu kijana na mkewe kuipima madirisha nyumba yetu sisi tukiwa ndani. Mkewe aliuliza kama jiko linavuja. Nilimwambia linavuja sana, na halikuwa linavuja hata kidogo.

Karani alikuja jioni moja kwa miguu. Alikataa kiti. Alisema amekuja mwenyewe ili tusilisikie jibu kwenye dirisha la ofisi mbele ya foleni ya watu.

"Fasi ya masomo iko," alisema. "Nyumba, hapana."

Mume wangu aliuliza sababu, na yule karani alianza kueleza akiitazama kofia yake. Chefu wa kambi alikuwa amekumbuka kwamba ruhusa ya mgeni iliongezwa. Kisha wakasema wote waliona mama amekaa mezani na sahani yake, amemwamuru mwenye nyumba ale, na mwenye nyumba akatii. Basi jamaa hii bado imebeba ukoo. Ukiwapa nyumba Elisabethville, mwezi hautakwisha kabla haijajaa watu wa Kasai, na nyumba zile ni za mume, mke na watoto tu. Nikamwuliza, na kama mama angebaki jikoni? Alivaa kofia aende zake. Nilimshika mkono wa koti. Akasema wangeandika neno moja baya juu ya desturi, na nyumba huenda tungepewa pamoja na mashauri. Jikoni alikuwa mgeni. Mezani alikuwa mtu wa nyumba.

Alipokwenda zake, mume wangu alicheka kicheko ambacho sijakisikia tena tangu siku ile. Halafu akasema haendi. Atarudi kwa mkuu wa shule asubuhi, ataomba darasa lake, hata la kwanza, hata la kufundisha watoto kushika kalamu. Alisema kama chuo ni hicho, wakikalie.

Nami niliyeitaka nyumba, niliyekuwa na pazia nusu kwenye kikapu, hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Sikuwakasirikia wao peke yao. Nilimkasirikia yeye, kwa kuwa alikuwa karibu.

"Mama yangu hakukula ule wali juu ya wewe kubakia hapa," nilimwambia. "Utaenda."

Aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu, polepole. Nilifikiri anatafuta neno la kunipinga. Kumbe alikuwa anatafuta jingine, na alipolipata aliliuliza kwa sauti ndogo: mama tutamwambia nini?

Hapo hasira yangu yote iliisha, nikakaa chini. Maana tungeweza kumwambia chuo kimekubali, na ilikuwa kweli. Lakini angeuliza kwa nini mimi nimebaki. Na tukimwambia kwa nini, tumemwambia kwamba aliuvua uso wake mbele ya Wazungu na mbele ya mkwe wake, akasimamishwa mbele ya wazee, ili tu aharibu kile alichokuja kuokoa. Tulikaa pale tukilipindua neno hili huku na huku. Mwisho tukakubaliana kusema kwamba nyumba za wanafunzi hazijamalizika kujengwa.

Alipanda treni ya Elisabethville na sanduku la mbao, wiki moja kabla ya masomo. Mimi nilikabidhi funguo na nikaenda Mutoshi na mtoto mgongoni, kama nilivyoogopa tangu mwanzo, na nilipofika nililala siku nzima. Mwaka wa matayarisho alishinda. Habari ilipofika, mama alikwenda bombani akawasimulia wanawake yote tangu mwanzo, jinsi alivyoingia bila kukohoa, jinsi Mzungu alivyobaki mdomo wazi. Alisimulia kwa fahari. Wanawake walimwogopa kidogo na kumheshimu sana. Mimi nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Mwaka wa pili ukaanza. Mama alikuwa akikausha viwavi na kuvifunga kwenye gunia, vya kupeleka kwenye nyumba mpya, na vikizeeka tunavila na yeye anaanza upya. Kila Jumapili baada ya misa aliniuliza kama wale Wazungu wamemaliza kujenga, na kila Jumapili nilisema bado kidogo, mama, bado wanaezeka.

Jumapili moja alikuwa anachambua viwavi uani, akasimama na kujinyoosha mgongo, akafikiri.

"Mwambie bwana yako abakumbushe bale bazungu," alisema. "Abaambie mi nilishakula."

Nikasema nitamwambia.